Kuvuja kwa maji ya rejeta katika mabasi ya zamani

Kuvuja kwa maji ya rejeta ni hitilafu ya mfumo wa kupoza injini ambapo maji, au maji yaliyochanganywa na kemikali ya kupozea (kulanti), hutoka nje ya njia zake kupitia rejeta, mipira, pampu, gasketi au ufa wa chuma. Katika mabasi ya zamani, yaani yale yaliyoundwa kabla ya injini za dizeli kuanza kuongozwa na kompyuta, ni miongoni mwa sababu za kawaida za gari kuchemsha na injini kufa njiani.

Hitilafu hiyo huhesabiwa na wengi kuwa upungufu wa maji tu, na hivyo dawa yake huwa ndoo. Hesabu hiyo ina kasoro. Mfumo unaovuja hupoteza pia presha, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Jambo hilo lina uzito zaidi kwenye nyanda za juu, kama vile barabara ya kwenda Tunduma katika Mkoa wa Songwe, Tanzania.

Barabara ya Tunduma

Tunduma ni mji wa mpakani katika Wilaya ya Momba, mkabala na Nakonde iliyo upande wa Zambia. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yako Vwawa. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya km 900. Basi huanza safari kwenye usawa wa bahari, hukwea mlima Kitonga mkoani Iringa, hupita Mbeya, kisha hukutana na mteremko wa Senjele kabla ya kufika Vwawa na hatimaye mpakani.

Njia hiyo ilipata umuhimu mkubwa baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwezi Novemba 1965. Zambia ilihitaji mlango mwingine wa bahari, na malori yalianza kupeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba kupitia Tunduma kwenye barabara ya vumbi na matope, iliyopewa na madereva jina la utani la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya miaka 1970 na 1975. Abiria wa kawaida waliendelea kutegemea mabasi: ya watu binafsi, ya vyama, na katika miaka ya 1970 na 1980 yale ya KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa.

Mabasi mengi ya kipindi hicho yalikuwa ni chasisi ya lori iliyojengewa bodi hapa hapa nchini: Leyland, Isuzu, au Scania, ambazo chasisi zake ziliunganishwa pia Kibaha mkoani Pwani. Injini ilikaa mbele, ubavuni mwa dereva, ndani ya kifuniko cha bati au mbao. Abiria aliyekaa karibu nayo alisikia joto lake safari nzima, na mpira ulipopasuka mvuke ulitokea ndani ya basi. Mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyotumiwa na UDA jijini Dar es Salaam na kuitwa kumbakumba, yalikuwa na injini iliyolazwa chini ya sakafu. Hayo hayakumchoma mtu, lakini yaliweza kuvuja muda mrefu bila dereva kujua.

Namna mfumo unavyofanya kazi

Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya nishati inayobaki hutoka na moshi, na sehemu nyingine, kati ya robo na theluthi ya jumla, hubebwa na maji. Pampu husukuma maji kuzunguka silinda na kupanda kwenye silinda hedi. Injini ikiwa baridi, themostati hubaki imefungwa na maji huzunguka ndani ya injini kwa njia fupi. Yakifikia nyuzi 80 hivi za Selsiasi, nta iliyomo ndani ya themostati huyeyuka na kutanuka, mlango hufunguka, na maji huenda kwenye rejeta kupozwa na upepo wa mwendo na wa feni.

Mfuniko wa rejeta hudharauliwa kuliko kifaa kingine chochote cha mfumo huu, ingawa una vali mbili ndani yake. Ya kwanza hushikwa na springi na kufunguka pale tu kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, inapozidi kiwango kilichopangwa. Ya pili hufunguka maji yanapopoa na kujikunja, ili kuingiza hewa au maji ya akiba. Bila hiyo mipira hunywea kama chupa ya plastiki iliyofyonzwa.

Presha, kimo na kuchemka

Kiwango cha kuchemka kwa maji si namba moja kila mahali. Pwani ni nyuzi 100. Kwa kila mita 300 za kupanda, hushuka kwa takriban nyuzi moja. Kwenye kimo cha mita 1,600, ambacho ni cha kawaida katika uwanda wa Mbozi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95, kwa hiyo nafasi ya usalama iliyokuwapo pwani inakaribia kwisha.

Mfuniko mzima wa nusu baa, yaani nusu ya presha ya hewa ya pwani, huipandisha namba hiyo hadi kama 108 kwenye kimo hicho hicho. Tofauti ya nyuzi 13 ndiyo inayolifikisha basi juu ya mlima. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wa juu halimwagi maji mengi, pengine nusu lita kwa safari, ila huzuia presha isijengeke, na maji hurudi kuchemka kwenye nyuzi 95. Hii ndiyo sababu ya basi linalokwenda vizuri Dar es Salaam kuchemsha likiwa Nyanda za Juu, wakati rejeta imejaa na hali ya hewa ni ya baridi.

Kusimama kwenye foleni huongeza tatizo. Mpakani Tunduma foleni ya malori imekuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi, hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka 2019. Basi linalosogea hatua kwa hatua halipati upepo wa mwendo. Hutegemea feni peke yake, na feni ya zamani huzungushwa na mkanda ambao huenda umelegea.

Kutafuta panapovuja

Ukaguzi huanza injini ikiwa baridi. Maji yanayotoka kidogo kidogo hukauka juu ya chuma cha moto na kuacha alama: chokaa nyeupe, kutu ya rangi ya matofali, au ukoko wa kijani au mwekundu ikiwa kuna kulanti. Fundi hufuata alama hiyo kuelekea juu, kwa kuwa maji hushuka na upepo wa feni huyarusha nyuma. Tone linaloanguka chini ya gia boksi laweza kuwa limeanzia mbele kabisa kwenye pampu.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo upande wa chini, kati ya sili na beringi. Kiliwekwa makusudi na watengenezaji: sili ikichakaa maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Baadhi ya watu huziba kitundu hicho kwa gundi au kijiti wakidhani wametengeneza. Matokeo yake ni beringi kuoga maji, kufa, na feni kuingia kwenye rejeta.

Kipimo cha uhakika ni pampu ya mkono yenye geji, inayofungwa mahali pa mfuniko. Mfumo hujazwa presha ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko, si zaidi, kisha geji huachwa kwa dakika chache. Mahali ambapo hakuna kifaa hicho, mafundi huweza kutumia mfuniko wa zamani uliotobolewa na kuwekwa vali ya tyubu, kisha wakapiga upepo kwa pampu ya baiskeli. Njia hiyo inafaa, mradi geji iwepo na pampu ya upepo ya gereji isitumike, maana presha ya kujazia tairi hupasua rejeta mara moja.

Mfumo ukishika presha na maji bado yanapungua, basi yanakwenda ndani ya injini. Dalili ni kadhaa. Mapovu yanayotoka shingoni mwa rejeta mara tu injini baridi inapowashwa ni gesi ya mwako inayopita kwenye gasketi au ufa. Mpira wa juu unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, una maana hiyohiyo. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto huashiria maji ndani ya silinda. Oili iliyobadilika kuwa kama chai ya maziwa huonyesha kwamba maji yamefika kwenye sampu. Ikiwa bado hayajachanganyika, gari hulazwa usiku mzima na asubuhi boliti ya sampu hulegezwa polepole: maji ni mazito kuliko oili, hivyo ndiyo hutoka kwanza.

Upo mtego mmoja hapa ambao umewagharimu wenye mabasi fedha nyingi. Injini kubwa za dizeli hupoza oili kwa kuipitisha kwenye kipozeo kinachozungukwa na maji. Kipozeo hicho kikitoboka, oili yenye presha kubwa huingia kwenye maji injini inapofanya kazi, na maji huingia kwenye oili injini inapozimwa na moto. Dalili hufanana na za gasketi iliyoungua. Kukipima kipozeo kwanza ni kazi ya muda mfupi. Kufungua hedi bure ni kazi ya siku nzima na gasketi mpya.

Kutengeneza

Mipira na klempu ni kazi nyepesi. Mpira wa zamani huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Ukibonyezwa na kutoa mlio wa kuvunjika, au ukiwa laini kama umelowa oili, hubadilishwa. Mpira wa chini huwa na springi ndani ili usinywee kwa mvuto wa pampu, na springi hiyo haitupwi. Waya uliosokotwa kwa koleo hukata mpira na hauwezi kuchukua nafasi ya klempu.

Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba njano, zikaunganishwa kwa lehemu ya risasi na bati. Hii ni bahati kwa fundi wa mji mdogo, kwani zinaweza kutengenezeka, tofauti na rejeta za sasa za alumini zenye matangi ya plastiki. Rejeta huondolewa, huzibwa midomo, huzamishwa kwenye tangi la maji na kupigwa upepo kidogo. Mapovu huonyesha tundu. Sehemu hiyo husuguliwa hadi shaba ing'ae, hupakwa asidi ya kulehemia, hupashwa moto na kulehemiwa. Lehemu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, hivyo moto wa kuchomelea chuma ni mkali mno: hufungua viungo vya jirani, na fundi asiye mwangalifu huondoka na matundu matatu badala ya moja. Moshi wa lehemu yenye risasi ni sumu, na kazi hii hufanyiwa nje au penye upepo, mbali na watoto. Mirija michache ikiharibika kabisa huweza kuzibwa. Ikizidi, rejeta hubaki na umbo lake lakini si uwezo wake, na mlimani hilo huonekana.

Gasketi ya silinda hedi ni kazi kubwa. Hedi haifunguliwi injini ikiwa moto, kwa kuwa inaweza kupinda. Boliti hulegezwa kwa zamu kuanzia nje kuelekea katikati. Baada ya kusafishwa, hedi hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Iliyopinda kupita kiwango cha mtengenezaji huchongwa uso kwenye karakana ya mashine. Uchongaji una mpaka wake: pistoni ya dizeli hukaribia sana vali, na hedi iliyochongwa mara nyingi huleta mgongano. Nyufa hutafutwa hasa kati ya vali na kwenye tundu la nozeli. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho cha hedi hizi, hakichomelewi kama chuma cha geti. Huhitaji kupashwa moto kwanza na kupoa taratibu sana, la sivyo hupasuka pembeni mwa mshono.

Matundu ya boliti kwenye bloku hukaushwa kabisa. Kimiminika hakishindiliki, na boliti inayokazwa juu ya maji au oili iliyobaki kwenye tundu lisilotokeza huweza kupasua bloku. Ukazaji huanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu hivi, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa vipimo vya kitabu cha injini husika. Gasketi nyingi za zamani huhitaji kukazwa tena baada ya injini kupata moto na kupoa.

Kanuni hiyohiyo ya kimiminika hutumika kabla ya kuwasha. Ikiwa maji yalishaingia kwenye silinda, nozeli hutolewa na injini huzungushwa kwa mkono ili yatoke. Stata ikipigwa maji yakiwa ndani, mkono wa pistoni hupinda.

Injini zenye laina zinazogusana na maji moja kwa moja, kama zile za Scania za lita 11, zina tatizo la ziada. Ringi za mpira zilizo chini ya laina huzeeka na kupitisha maji kwenye sampu. Pia mtikisiko wa laina huzalisha mapovu madogo mno yanayopasuka juu ya uso wake na kuung'oa chuma punje kwa punje, hadi tundu linatokea. Laina kama hiyo ikitolewa huonekana imeliwa kama mti wenye mchwa. Kulanti yenye dawa ya kulinda laina hupunguza ulikaji huo. Maji matupu hayaupunguzi.

Maji yanayotumika

Maji ya mto au ya kisima huleta chokaa na matope. Katika bonde la Songwe lililo karibu na Mbeya kuna chemchemi za maji moto zilizojenga miamba mikubwa ya chokaa, na kiwanda cha saruji kipo katika eneo hilo. Ni ushahidi wa kutosha wa kilichomo ndani ya maji ya huko. (Mto huo unaoelekea Ziwa Rukwa usichanganywe na Songwe wa Ileje, unaopakana na Malawi na kumwaga maji katika Ziwa Nyasa.) Chokaa hujishika palipo na moto zaidi, yaani kwenye hedi, na tabaka jembamba tu huzuia joto lisipite. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, au yaliyotoneshwa, ni bora zaidi.

Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli. Huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Rangi yake si kipimo cha ubora, kwa kuwa maji yenye rangi huuzwa pia kwenye vidumu. Glikoli ina utamu na ni sumu kali kwa watu na wanyama. Haimwagwi uani wala karibu na kisima, na haihifadhiwi katika chupa za soda.

Tiba za barabarani

Madereva wa nchi nyingi wamewahi kutia pilipili manga iliyosagwa au ute wa yai ndani ya rejeta, na dawa za dukani za kuziba matundu hufanya kazi kwa njia inayofanana: punje husafiri hadi tunduni na kuganda. Zinaweza kulifikisha basi kituo kinachofuata. Shida ni kwamba punje hazichagui, na mirija ya rejeta iliyokwisha kujaa chokaa ndiyo huziba kwanza.

Tiba nyingine ni kutoa themostati. Imeenea sana, na inaonekana kufaa kwa sababu geji hushuka kwenye barabara tambarare. Lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula silinda na mafuta, na katika aina nyingi themostati ndiyo inayofunga njia fupi inapofunguka. Ikikosekana, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na basi huchemsha vibaya zaidi mlimani.

Usalama

Mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi. Maji yaliyozuiwa na presha yakiwa na nyuzi zaidi ya 100 hugeuka mvuke papo hapo presha inapoondoka, na huruka hadi usoni. Matingo na madereva wameungua kwa namna hiyo, na katika mabasi yenye injini ndani hata abiria wa viti vya mbele. Basi lililochemsha huegeshwa, abiria hushushwa upande ulio mbali na magari, na injini huachwa kwa nusu saa au zaidi hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono. Ndipo mfuniko hufunikwa kwa kitambaa kizito na kuzungushwa hadi hatua ya kwanza tu, presha itoke.

Maji baridi hayamwagwi ndani ya injini iliyokauka ikiwa moto, kwani hupasua hedi. Injini ikishapoa hujazwa polepole. Baada ya matengenezo makubwa hewa hutolewa kupitia skrubu au koki za juu, hasa katika mabasi ambayo injini iko mbali na rejeta. Hewa iliyonaswa kwenye hedi huchoma gasketi mpya wakati geji inasoma joto la kawaida, kwa sababu kipimo chake kimekaa hewani badala ya majini. Kiasi cha maji hukaguliwa tena asubuhi ya siku inayofuata, injini ikiwa baridi, na mara ya pili baada ya safari ya kwanza yenye mlima.